Taa ya Kukuonyesha Laini ya Simu Ina Mtu

Siku moja, katika zahanati niliyokuwa nikiwatengenezea vifaa vyao, simu ya mapokezi haikulia tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kila mtu alidhani ni siku ya utulivu. Kumbe katika chumba cha dawa, kwenye laini ileile, mkono wa simu ulikuwa umelazwa juu ya boksi la glavu badala ya kurudishwa mahali pake. Waliopiga walikuta laini inatumika, wakakata, wakajaribu tena, wakakata. Jioni alifika mzee mmoja na mjukuu wake aliyekuwa na homa, wamepanda bodaboda kutoka mbali, akasema alikuwa akipiga tangu asubuhi kuuliza kama daktari yupo. Hakuwapo. Tangu siku ile sifungi simu mbili kwenye laini moja bila kuweka taa.

Simu ya mkononi imechukua kazi nyingi, lakini ya mezani haijaondoka mapokezi, wodini, ofisi ya mwalimu mkuu, wala katika nyumba za wageni zenye swichibodi ndogo. Huko laini moja hugawiwa vyumba viwili au vitatu, na shida zake zinajulikana. Mtu huinua mkono katikati ya mazungumzo ya mwenzake. Mkono husahauliwa juu ya meza. Au waya hukatika nje, na siku mbili zapita kabla mtu hajagundua. Taa moja nyekundu inatosha kwa shida zote tatu, nayo hutengenezwa kwa vifaa kama 15 hivi, betri ikiwemo. Anayejua kulehemu ataimaliza kwa alasiri moja.

Kabla ya kununua chochote, chukua multimita uisikilize laini yako. Weka kipimo kwenye volti za mkondo mnyoofu, DC, mahali pa 200 au zaidi, kisha gusa nyaya mbili za laini. Katika plagi ndogo ya simu iliyozoeleka, ni zile mbili za katikati. Simu zote zikiwa zimelazwa utasoma karibu volti 48, zikipungua au kuzidi kidogo. Sasa mwambie mtu ainue mkono wa simu. Namba itaporomoka hadi kati ya volti 5 na 12. Mporomoko huo ndio habari yote tunayoitafuta.

Sababu yake ni rahisi. Kwenye kituo cha simu kuna betri kubwa za jumla ya volti 48, ni kama betri nne za gari zilizofuatanishwa, na ndiyo maana simu ya waya wa shaba huendelea kuita hata umeme wa mtaa ukikatika. Mkono ukiwa umelazwa, njia imefunguka na hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo volti zote zinafika kwako. Ukiuinua, njia inafungwa na mkondo wa miliampea 20 hadi 50 unaanza kuzunguka. Sehemu kubwa ya zile volti inamezwa na vifaa vya kituoni na urefu wa shaba ulioko njiani, na kwako zinabaki chache. Waya ukikatika kabisa, unasoma sifuri. Kwa hiyo kimya ni volti nyingi, mazungumzo ni volti chache, na kifo cha laini ni sifuri. Tunataka taa iwake volti zinaposhuka.

Kuna hali ya nne, nayo ndiyo ya kuogopa. Simu inapoita, kituo hupandisha juu ya zile 48 mkondo geu wa volti 75 hadi 90, unaogeuka mara 20 au 25 kwa sekunde. Kileleni jumla yake yaweza kupita volti 170. Ukiwa umeshika waya mtupu wakati huo, utaruka. Chomoa laini kila unapotaka kugusa nyaya kwa mkono. Na kisanduku cha kampuni pale laini inapoingilia ukutani, pamoja na vyote vilivyo nje yake, viache kama vilivyo. Hivyo ni mali ya kampuni. Kazi yetu ni ndani ya nyumba.

Wanaoanza hushawishika kuchukua taa ya LED na rezista moja na kuzifunga moja kwa moja kati ya nyaya mbili. Itawaka, lakini itawaka wakati usiofaa, yaani simu ikiwa imelala, na itakuwa inanyonya miliampea kadhaa mchana na usiku. Mtambo wa kituo ukipima laini utaona mvujo, kana kwamba kebo imeingia maji. Simu iliyolazwa inapaswa kuwa kama haipo. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka kifaa kilicholazwa kiwe na ukinzani usiopungua megaomu 5, na hicho ni kipimo kizuri cha kujipimia popote ulipo. Taa yetu itakuwa na zaidi ya megaomu 10. Itaisikiliza laini bila kuibebesha mzigo, na mwanga wake utalipwa na betri yake yenyewe.

Ipo njia nyingine isiyohitaji betri. Unaukata waya mmoja wa laini na kuweka katikati LED mbili zilizogeuziana migongo, pamoja na rezista ya omu 150 sambamba nazo, ili mkondo wa mazungumzo wenyewe uwashe mojawapo. Nimeijaribu. Ni nzuri kwa nyumba yenye simu moja, lakini ni lazima ikae kabla ya simu zote, haiwezi kukuonyesha waya uliokatika, na inakula volti 2 kwenye laini ambayo huenda tayari ni dhaifu kwa umbali. Sipendi kukata waya wa mtu pale ninapoweza kusimama kando na kutazama tu.

Basi nunua hivi: dayodi nne za 1N4007, transista mbili za 2N7000, rezista mbili za megaomu 4.7, mbili za megaomu 1, moja ya kiloomu 2.2, zena ya volti 12, kapasita ya nanofaradi 100, LED nyekundu, betri ya volti 9 na kishikio chake, swichi ndogo, na ubao wa vishimo. Kariakoo au Luthuli Avenue utavipata vyote kwa mzunguko mmoja. Dayodi za 1N4007 huhitaji hata kuzinunua, kwani chaja na redio mbovu zilizo chini ya meza yako zimejaa hizo. Transista nunua mpya.

Anza na dayodi nne, uziunganishe kuwa daraja. Nyaya mbili za laini zinaingia kwenye pembe mbili za daraja, na kwenye pembe nyingine mbili unapata chanya na hasi. Faida yake ni kwamba huhitaji kujua waya upi ni upi. Rangi za nyaya haziaminiki, mafundi waliotangulia huenda walizigeuza, na baadhi ya mitambo hugeuza chanya na hasi yenyewe mara simu inapopokelewa. Daraja halijali.

Kutoka chanya ya daraja, fuatanisha rezista mbili za megaomu 4.7, kisha moja ya megaomu 1 inayoishia kwenye hasi. Mahali ambapo ile ya megaomu 1 inakutana na zile mbili, hapo ndipo panapounganishwa geti ya transista ya kwanza. Sambamba na hiyo ya megaomu 1 weka kapasita, na weka zena pia, mstari wake ukielekea geti. Sosi ya transista iende hasi. Dreni yake ipande hadi chanya ya betri kupitia rezista nyingine ya megaomu 1. Kutoka dreni hiyohiyo vuta waya hadi geti ya transista ya pili. Sosi ya pili nayo iende hasi, na dreni yake ishike mguu mfupi wa LED, mguu mrefu ukipanda kupitia kiloomu 2.2 hadi chanya ya betri. Hasi ya betri na hasi ya daraja ni kitu kimoja. Swichi ikae kwenye waya chanya wa betri. Saketi yote ni hiyo.

Sasa tuitazame ikifanya kazi, maana anayejua kwa nini hataogopa kubadilisha. Laini ikiwa kimya na volti zake 48, rezista zinazigawa, na geti ya kwanza inapata kama volti 4.5. Transista ya 2N7000 hufunguka, yaani hupitisha mkondo, geti yake inapofika mahali fulani kati ya volti 0.8 na 3, na nyingi hufunguka karibu na 2. Kwa 4.5 imefunguka wazi; inaivuta geti ya pili chini hadi sifuri, na taa inabaki imezima. Mtu akiinua mkono na laini ikashuka hadi volti 8, geti ya kwanza inabaki na kama 0.7. Inafunga. Geti ya pili sasa inapanda na volti 9 za betri, inafungua, taa inawaka. Waya ukikatika, matokeo ni yaleyale. Na kwa laini ya faiba, ambapo soketi ya simu iko kwenye kile kisanduku cha ukutani chenye adapta, umeme ukikatika na kisanduku kikazimika, taa itawaka pia, kwa kuwa hapo volti hazitoki kituoni, zinatoka kwenye kisanduku.

Wengi huniuliza kwa nini nisiweke rezista moja ya megaomu 10 mahali pa zile mbili. Ni kwa sababu ya ule mlio wenye volti 170. Rezista ndogo ya kawaida hutengenezwa kustahimili kama volti 250, na sipendi kuisogeza karibu na mpaka wake kila simu inapoita, miaka nenda miaka rudi. Mbili zinagawana uzito. Zena ipo kwa sababu hiyohiyo, kwani geti ya transista hii inavumilia volti 20 tu. Kapasita nayo inalainisha mtikisiko, ili taa isimemeteke simu inapoita. Ukiiacha, utaona kumeta hafifu kila mlio, na wapo wanaoipenda hivyo, hasa kwenye chumba ambacho mtoto amelala na kengele imezimwa.

Kuhusu betri, transista ya aina hii hainyonyi mkondo getini, kwa hiyo wakati wa kimya saketi inakula mikroampea 9 tu. Betri itachakaa kwa umri kabla ya kumalizwa na kazi hiyo. Taa ikiwaka inakula kama miliampea 3, na betri nzuri ya alkalini itakupa zaidi ya saa 100 za mwanga. Lakini laini ikikatika Ijumaa jioni na ofisi ikafungwa hadi Jumatatu, taa itakuwa imewaka siku zote hizo. Ndiyo kazi ya swichi: ukishajua laini imekufa, izime mpaka mafundi wamalize.

Mara nyingi huombwa niongeze taa ya kijani ya kuonyesha laini iko huru. Hukataa. Itamaliza betri kwa wiki moja, na macho yanachoka kuangalia taa isiyozima. Giza liwe ndiyo habari njema. Lililo muhimu ni kuhakikisha giza hilo halitokani na betri iliyokufa, na kipimo chake ni kuinua mkono wa simu kila Jumatatu asubuhi na kutazama kama taa inawaka. Ikiwa inawaka na mlio unasikika, kila kitu ni kizima.

Na usije ukaondoa betri ukaweka chaja ya simu ya mkononi au adapta ya ukutani kwa kuokoa gharama. Hasi ya betri imeshikamana na laini. Adapta itaileta laini ya simu karibu na umeme wa nyumba. Kwa uchache utasikia mngurumo kwenye mazungumzo yote, na adapta mbovu inaweza kuua mtu.

Katika ujenzi wenyewe, kosa linalorudiwa zaidi ni miguu ya transista. Ukiitazama 2N7000 upande wake bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni sosi, geti, dreni. Muuzaji akikosa hiyo atakupa BS170, nayo inafaa kabisa, ila miguu yake imepangwa kinyume: dreni, geti, sosi. Mwanafunzi wangu mmoja alimaliza siku mbili akitafuta ubovu ambao haukuwapo ila hapo. Pia gusa chuma kilichozikwa ardhini kabla ya kuzishika, kwa sababu umeme wa nguo kavu huua geti bila kuacha alama.

Kosa la pili ni la watu wa pwani, nami nimelipata zaidi ya mara moja. Rezista za megaomu ni nyembamba mno kwa mkondo. Kinachopita humo ni mikroampea 4 na kitu. Uchafu wa dawa ya lehemu ukibaki kati ya vishimo, ukachanganyika na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unakuwa rezista nyingine usiyoipanga. Taa huwaka asubuhi kukiwa na unyevu na kuzima mchana, na fundi anamsingizia kila mtu. Ukishalehemu, sugua ubao kwa spiriti na brashi ya meno, uache ukauke, upige rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya njia za geti. Inatosha.

Jaribio la kwanza lisifanywe kwenye laini. Betri za volti 9 zina vifungo vinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Azima tano, zipange chanya kwa hasi, upate volti 45. Hiyo ndiyo laini iliyolala. Unganisha kwenye mlango wa daraja, taa izime. Sasa weka betri moja tu mahali pa zile tano, taa iwake, maana hiyo ndiyo laini yenye mtu. Toa zote, iendelee kuwaka. Geuza nyaya, urudie yote, na matokeo yasibadilike. Yakibadilika, kuna dayodi imegeuzwa kwenye daraja.

Hapa nikuonye kuhusu mita. Ukishuku kosa utataka kupima volti pale geti. Mita nyingi za kidijiti zina megaomu 10 ndani yake, nazo zitakudanganya kidogo tu. Lakini zile za bei rahisi kabisa huwa na megaomu 1, na ukigusa nayo unakuwa umeweka rezista ya pili sambamba na ile uliyofunga. Volti 4.5 zinashuka hadi karibu 2.4, na taa inaweza kuwaka kwa sababu umepima. Kidole chako nacho hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo pima kwenye laini, hesabu ya geti uifanye kwa kalamu.

Ukifunga kwenye swichibodi badala ya laini ya kampuni, pima upya. Swichibodi nyingi ndogo huzipa laini za ndani volti 24 tu, na kwa rezista nilizotaja geti itapata kama 2.2, mahali pabaya pa kusitasita. Badilisha ile ya megaomu 1 kati ya geti na hasi uweke megaomu 2.2. Volti 24 zitakupa zaidi ya 4 getini, na mkono ukiinuliwa zitabaki kama 1 hivi. Hapo ile zena ndiyo inayookoa transista wakati wa mlio, usithubutu kuiacha.

Kama laini hiyohiyo inaleta intaneti ya DSL, chomeka taa upande wa simu wa kichujio kinachotenganisha simu na modemu, kamwe si upande wa modemu. Taa mbili kwenye laini moja zinavumilika, kwani ukinzani wa pamoja bado unapita megaomu 5. Ya tatu inavuka mpaka. Ukiihitaji, ongeza kila rezista ya mgawanyo maradufu katika taa zote, ulinganifu utabaki uleule. Usikimbilie kuvuta waya mrefu wa LED kutoka chumba hadi chumba. Waya huo umeshikana na upande mmoja wa laini na utakusanya mngurumo wa umeme wa nyumba njia nzima. Mita mbili tatu za nyaya zilizosokotwa pamoja hazina neno.

Mvua za radi zikianza, chomoa taa pamoja na simu. Hakuna zena ya kuzuia radi.

Kwa kisanduku natumia kopo la plastiki la krimu lenye mfuniko wa kuzungusha, LED ikichungulia juu. Liweke pale ambapo macho ya mtu wa mapokezi hupita bila yeye kukusudia, karibu na kalamu au daftari la wageni, si nyuma ya kompyuta. Kisha ndani ya mfuniko andika kwa kalamu isiyofutika volti ulizosoma laini ikiwa imelala, volti ulizosoma mkono ukiwa juu, rezista uliyoweka kati ya geti na hasi, na mwezi uliobadilisha betri. Fundi atakayelifungua baada yako hatakuwa na mtu wa kumuuliza.